Ujumbe wa mlipuko nao upimwe kabla ya kutoka

Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikisambaa Guinea, Liberia na Sierra Leone, redio na mabango ya barabarani yalitangaza kwamba ugonjwa huo unaua na hauna tiba. Waliotunga ujumbe huo hawakusema uongo. Wakati ule hapakuwa na dawa iliyothibitishwa wala chanjo iliyoidhinishwa, na nia yao ilikuwa kuwazindua watu waliokuwa wakiudharau ugonjwa. Lakini mtu aliyelisikia tangazo lile huku ana mgonjwa ndani alipiga hesabu yake: kama tiba hakuna, nimpeleke hospitali akafanye nini? Akafe peke yake mikononi mwa watu waliojifunika hadi macho, azikwe na wageni? Wengi waliamua kuwauguza ndugu zao nyumbani, na waliouguza wakaambukizwa. Ukweli ni kwamba mgonjwa anayewahi kituoni akarudishiwa maji na chumvi anazopoteza ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko anayefichwa chumbani. Habari hiyo, ambayo ingeweza kubadili uamuzi wa familia nyingi, haikuwamo kwenye tangazo. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 11,300. Sidai kwamba mabango ndiyo yaliyowaua. Nadai kwamba ujumbe mzito kiasi kile haukupaswa kutoka kabla ya kuwasomea watu wachache wa mitaa ileile na kuwauliza: ukisikia maneno haya, utafanya nini?

Dawa mpya hapewi mgonjwa kabla haijajaribiwa, hata kama aliyeitengeneza ni bingwa wa mabingwa. Ujumbe wa afya tunauachia utoke kwa sababu kikao kimeupitisha na mkurugenzi ametia saini. Tunachukulia kwamba maneno, hata yakikosa kusaidia, hayadhuru. Ushahidi unakataa. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Brendan Nyhan na wenzake, waliowapa wazazi 1,759 ujumbe wa aina mbalimbali kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wengine walielezwa kwamba hakuna ushahidi kuwa chanjo hiyo huleta usonji, wengine wakaelezwa hatari za magonjwa yenyewe, wengine wakaonyeshwa picha za watoto waliougua, na wengine wakapewa kisa cha mtoto aliyenusurika kufa kwa surua. Hakuna hata ujumbe mmoja ulioongeza nia ya kuchanja. Picha za watoto wagonjwa ziliongeza imani kwamba chanjo huleta usonji. Kisa cha mtoto kiliongeza hofu ya madhara makubwa ya chanjo. Maelezo ya kukanusha uvumi yaliupunguza uvumi wenyewe, lakini wazazi waliokuwa na mashaka zaidi wakazidi kusita kuchanja. Hizi ndizo mbinu ambazo mtaalamu yeyote angezichagua akiwa mezani kwake, na nyingi kati yake ndizo zilizobandikwa kwenye kuta za zahanati zetu. Jaribio jingine la Marekani lilituma meseji za aina 22 kuwakumbusha watu karibu 690,000 kuhusu chanjo ya mafua. Iliyofanya vizuri kuliko zote iliwaambia tu kwamba chanjo inawasubiri, na wataalamu walioombwa kubashiri mshindi hawakuibashiri hiyo.

Upimaji ninaouzungumzia hauhitaji maabara. Chukua sentensi iliyozoeleka katika vipeperushi vya Ebola na Marburg: epuka kugusa majimaji ya mwili wa mtu mwenye dalili. Msomee mama mwenye watoto wadogo, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake ulichosema. Huenda akarudia neno kwa neno, na hapo ndipo wengi wetu tungefunga daftari tukiridhika. Endelea. Muulize kama jasho limo katika hayo majimaji, na machozi je? Muulize mtoto wake akianza kutapika saa nane usiku atafanya nini, kwa sababu hakuna mama atakayekaa mbali akimtazama. Atamshika. Swali ni kama kipeperushi kimemwambia ajifunike mikono kwa kitu gani, amlaze wapi, nani mwingine asiingie chumba kile, apige namba gani, na gari likichelewa hadi asubuhi afanyeje. Ikiwa majibu hayo hayamo, ujumbe haujakamilika, hata kama kila neno lake ni sahihi kitaalamu. Muulize pia kama kuna kitu kimemuudhi au kumtia aibu, maana mtu aliyeaibishwa na tangazo hataki kuonekana akilitii. Wasikilize watu kumi au kumi na watano namna hiyo, wanawake kwa wanaume, wazee, bodaboda, waosha maiti, na kasoro kubwa zitajitokeza zenyewe.

Pingamizi la kwanza huwa ni muda. Moto unawaka, tusikae tukihoji watu. Nalielewa, kwa kuwa siku moja ya ukimya wakati wa mlipuko ni siku ya uvumi. Lakini Septemba 2014, Monrovia ikiwa katika hali mbaya kabisa, watafiti walikaa na viongozi wa jamii 386 kutoka maeneo 15 ya jiji hilo na viunga vyake, na kazi yao ya kukusanya maoni ilikamilika ndani ya mwezi huohuo. Walichokikuta ni kwamba watu walikwishaelewa Ebola inavyoambukiza. Walichohitaji ni mafunzo ya kumtenga na kumhudumia mgonjwa wakati vitanda vimejaa na gari la wagonjwa haliji. Kama hilo liliwezekana Monrovia, nani atasema haliwezekani kwetu? Tena sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kabla moto haujawaka. Mkoa wa Kagera ulipata Marburg Machi 2023 huko Bukoba, ukaipata tena Januari 2025 huko Biharamulo. Kipindupindu kinarudi mvua zikirudi. Magonjwa haya tunayajua kwa majina na maeneo yake, hivyo ujumbe wake unaweza kutungwa na kupimwa katika miezi ya utulivu, ukabaki kuongezwa tarehe, eneo na namba ya simu. Na pale ambapo jambo ni jipya kabisa, tangazo la kwanza litoke leo likisema kinachojulikana, na kazi ya kulipima ianze leo hiyohiyo ili la kesho liwe bora.

Wapo wanaosema sayansi haipigiwi kura, kwamba hatuwezi kumuuliza mwananchi kama kirusi kipo. Hakuna anayelipendekeza hilo. Anayepimwa ni mwandishi wa ujumbe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la imani. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha ukafika Ituri, uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kuisha Juni 2020. Utafiti uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi walikuwa na imani na viongozi wa eneo lao. Miezi mitatu baadaye uchaguzi wa Desemba ukaahirishwa katika miji hiyohiyo, Ebola ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na wakazi wakaona rais mpya anaapishwa Januari bila kura zao. Ni bango gani lingelitibu jeraha hilo? Nakubali kwamba hakuna. Lakini kusikiliza kwa utaratibu ndiko kunakotuonyesha tunapofika mahali ambapo maneno hayatoshi. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipoandika yale waliyoambiwa na wananchi, walikuta watu wanahofia kwamba mifuko ya maiti imejazwa vitu vingine, au kwamba marehemu wametolewa viungo. Jibu halikuwa kipeperushi cha kukanusha. Ililetwa mifuko yenye sehemu ya kuonea ndani, ndugu wakaweza kuhakikisha ni nani wanayemzika.

Ninachokiomba kwa Wizara ya Afya na kwa mashirika yanayoisaidia ni kidogo. Tangazo lolote la mlipuko liambatane na maandishi mafupi yanayoonyesha lilisomwa kwa nani, wapi, walilielewaje, na nini kilibadilishwa. Wanaosomewa wawe wa kijijini au mtaani panapolengwa, si makarani wa ofisi iliyolitunga. Namba 199 ya wizara, ambayo mwananchi anaipiga bure, itumike pia kukusanya maswali yanayojirudia, na maswali hayo yamfikie mtungaji wa ujumbe wiki hiyohiyo. Bajeti ya kuchapisha mabango itengewe fungu la kuyapima. Na mwananchi atakayesomewa tangazo asilolielewa asione haya kulikataa palepale na kudai maelezo.