Vishikwambi vya Tanga: je, mtoto anayependa programu amejifunza?

Serikali za Afrika Mashariki zinaendelea kununua vifaa vya kidijitali kwa ajili ya shule, na wauzaji hutanguliza hoja moja: watoto wanavipenda. Jaribio lililofanyika mkoani Tanga, nchini Tanzania, linaonesha kwa nini hoja hiyo haitoshi.

Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, takriban watoto 3,000 wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye programu tano tofauti za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la taasisi ya XPRIZE ya Marekani, lililoshirikisha serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Hapakuwa na mwalimu, na vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua.

Kwa kuwa wengi wa watoto hao hawakujua kusoma, maelekezo ya maandishi yasingewafaa. Programu zilizungumza, zikaonesha picha na kuitikia mguso wa kidole. Mojawapo, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilibuniwa pia kumsikiliza mtoto anaposoma kwa sauti.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019, Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mafanikio hayo ni makubwa, lakini takwimu hiyo ina upande wa pili: sehemu kubwa ya watoto, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa sauti, picha na michezo, bado hawakuweza kusoma neno. Iwapo wangeulizwa tu kama wamekifurahia kishikwambi, tofauti hiyo isingeonekana. Ilionekana kwa sababu walipimwa kusoma.

Hapo ndipo penye udhaifu wa vipimo vya kuridhika kwa mtumiaji. Hojaji maarufu iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986 ina kauli kumi ambazo mtumiaji hukubaliana au kutokubaliana nazo. Asiyejua kusoma hawezi kuijaza. Kwa watoto hutumika picha za nyuso, kutoka ya huzuni hadi ya furaha. Lakini Janet Read na wenzake wa Uingereza, waliobuni kipimo hicho, walibaini kuwa watoto wadogo huelekea kuchagua uso wenye furaha kupita zote. Jibu la namna hiyo humpendeza mnunuzi bila kumwelimisha.

Wala wingi wa njia za mawasiliano si faida wakati wote. Utafiti wa mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani unaonesha kuwa picha na sauti zikiongezewa maandishi yanayorudia maneno yaleyale, mara nyingi mwanafunzi huelemewa. Kwa anayejifunza kwa lugha isiyo yake ya kwanza hali yaweza kuwa tofauti, kwani maandishi humsaidia kulikamata neno lililompita sikioni.

Suala hilo linawagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi mahali ambapo lugha hiyo si ya wengi. Programu iliyomfaa mtoto wa Tanga, anayekisikia Kiswahili kila siku, haiwezi kuhamishwa ilivyo na kutarajiwa kumfaa mtoto anayekisikia nyumbani pekee, au redioni tu.

Kuridhika hakupaswi kupuuzwa: mtoto asiyekipenda chombo atakiacha, na hasa pale asipokuwapo mwalimu wa kumhimiza. Hata hivyo, kupenda ni mlango tu. Kabla ya kutia saini mkataba, wizara ya elimu inapaswa kudai majibu mawili kwa pamoja: je, watoto hukirudia chombo kwa hiari yao, na je, baada ya miezi kadhaa wanaweza kusoma kile ambacho hapo awali hawakuweza?