Kabla ya PTR, uliza anwani ni ya nani

Kwa sisi wa Bunia tunaoendesha seva ya barua pepe ofisini, kuna hatua moja kabla ya kuomba PTR, yaani rekodi ya DNS inayotoa jina la namba ya IP. Wengi huandika PTR kwa msajili wa jina la kikoa chao, kisha wanashangaa Gmail bado inakataa barua zao. Kumiliki jina hakukupi mamlaka juu ya namba. Sehemu ya in-addr.arpa, zinakowekwa rekodi za PTR, hukabidhiwa na AFRINIC, msajili wa anwani za IP wa Afrika aliyeko Mauritius, kwa kampuni iliyopewa fungu la anwani. Kampuni hiyo ndiyo itakuandikia rekodi au kukukabidhi sehemu yako.

Basi kabla ya kulipia IP ya kudumu, muulize muuzaji: fungu hili ni la nani, na PTR ataiandika nani? Kwenye setilaiti, mwenye anwani anaweza kuwa yuko nchi nyingine kabisa, na fundi wa mjini hana la kufanya. Kama anwani yako mnaitumia wateja wengi kwa pamoja, usijisumbue.

Ukiipata PTR, hakikisha jina linarudi kwenye namba ileile kwa rekodi ya A, na seva ijitambulishe kwa jina hilohilo. Google inadai PTR kwa kila mtumaji tangu Februari 2024. Ukituma kwa IPv6 pia, anwani hiyo nayo inahitaji PTR yake.

Ikishindikana, seva ibaki ofisini, ila barua zinazotoka zipitishie kwenye seva ya kukodi yenye PTR. Kupima, tumia dig -x na namba yako.