Afya ya Mama: Pumziko si uvivu



Tulipoanza mazoezi ya bidoni katika lupango ya kikundi tulikuwa wengi. Siku ya posho ya nne, wengine hawakurudi. Nilipowauliza, jibu lilikuwa moja: "Mama, kesho yake nashindwa hata kupanda mlima na maji." Sikuwalaumu. Mama anayeishi kwa kubeba magunia sokoni, miguu yake ikikataa siku mbili, watoto wanalala bila kula. Basi tulikaa tukatafuta kosa, na kosa lilikuwa kwetu sisi tunaoongoza. Tulifuata mtindo wa vijana: seri juu ya seri, bila kupumua.

Hebu tuhesabu. Mama mmoja alishika bidoni mbili za lita 5 zilizojaa maji, akachuchumaa na kusimama mpaka nguvu zikaisha: mara 12. Akapumzika nusu dakika, akarudilia: mara 8. Tena nusu dakika: mara 5. Jumla 25, miguu inatetemeka. Juma lililofuata tulimwomba aishie mara 9, akiwa bado na nguvu ya kuongeza mbili au tatu, kisha apumzike dakika mbili na nusu. Alifanya 9, tena 9, tena 9. Jumla 27! Amefanya kazi zaidi, na kesho yake alienda sokoni kama kawaida.

Sababu ni hii. Ndani ya misuli kuna akiba ndogo ya nguvu ya haraka. Ukiinua kitu kizito, akiba hiyo inapungua sana kwa muda mfupi tu. Ukitulia nusu dakika inarudi kama nusu yake. Ili irudi karibu yote inataka dakika 3 hadi 5. Anayeanza seri ya pili mapema anaanza na mfuko ulio nusu. Na anayejilazimisha mpaka ashindwe kabisa kila seri anachoka kwa siku nyingi zaidi, ilhali nguvu anayoipata haipiti sana ya yule aliyeacha mbili tatu za akiba.

Mtaniuliza, saa tutaitoa wapi? Si lazima. Ukiweza kusema maneno marefu bila kukatika pumzi, na miguu imeacha kuwaka, rudilia. Mwenye haraka, kwa sababu sombe iko motoni, abadilishe: miguu ikipumzika, mikono ifanye kazi.

Kushuka ndiko kunakoleta maumivu makali ya misuli, kuliko kusimama, na maumivu hayo huzidi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo aliye mgeni aanze na seri moja au mbili, bidoni nusu. Msijaze mchanga haraka: bidoni ya lita 5 ya maji ni kilo 5, ya mchanga mkavu inapita kilo 7.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa juma. Sisi tulichagua siku ya pili na siku ya posho, ili misuli ipate angalau siku mbili za kutulia. Lakini kama siku hiyo umebeba maji safari nne, hizo nazo ni seri. Zihesabu, punguza za lupango. Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya, tukifikiri kazi ya nyumbani haichoshi kwa sababu haina jina.

Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni au aliyepasuliwa, aone kwanza munganga. Kizunguzungu au maumivu ya kifua: weka bidoni chini, kaa.

Siku ya posho tunaanza saa moja asubuhi. Walioacha, nafasi zenu zipo. Leteni bidoni yenye kifuniko kinachofunga vizuri; juma lililopita tuliogeshwa.