Baridi yabisi: Dawa zinazookoa viungo zahitaji uangalizi wa karibu Kitale na Bungoma

WAKULIMA wa Trans Nzoia wanajua fika kwamba mbolea ikikosekana mahindi hayabebi, na ikizidi huunguza mche. Dawa za ugonjwa wa baridi yabisi zina tabia iyo hiyo. Asiyezitumia hulemaa viungo, naye anayezitumia bila uangalizi huweza kudhurika ini, uboho au macho.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni ule ambao kinga ya mwili huasi na kuanza kushambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole na vifundo huvimba, aghalabu pande zote mbili za mwili, na asubuhi mgonjwa huweza kukaa saa nzima au zaidi kabla ya kukunja ngumi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 18 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huo mwaka wa 2019. Takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Katika eneo ambalo palizi, uvunaji na upukuchuaji wa mahindi hutegemea sana mikono ya akina mama, vidole vikikataa kushika jembe ni riziki ya nyumba nzima inayoyumba.

Jina lenyewe la ugonjwa limewapotosha wengi. Mji wa Kitale uko katika nyanda za juu, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko si ya mzaha. Ndipo mgonjwa anaposhauriwa avae soksi nzito, ajipake mafuta ya kuchua na kusubiri jua. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini haiuleti ugonjwa huu, wala jua haliuponyi.

Muda unaopotea kwa kusubiri una gharama kubwa. Mifupa na gegedu huweza kuanza kuliwa katika miaka miwili ya kwanza, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na dawa yoyote.

Kimbilio la kwanza la wengi huwa duka la dawa, ambako hununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, lakini hazizuii ugonjwa kuendelea kula viungo. Zikinywewa kwa miezi mfululizo huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa mwenye umri mkubwa ambaye tayari anatumia dawa za shinikizo yumo hatarini zaidi.

Kimbilio la pili ni prednisoloni, na hapa ndipo mtego ulipo. Mwaka wa 1948 Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, na mtu aliyekuwa hajiwezi akainuka na kutembea baada ya siku chache. Hench na wenzake wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950.

Hata hivyo, shangwe hizo hazikudumu, kwani madhara yalianza kujitokeza kwa waliotumia dawa hizo kwa muda mrefu. Uso huvimba, sukari hupanda mwilini, mifupa hudhoofika, mboni za macho huingia ukungu na kinga hushuka. Nchini Kenya, ambako kifua kikuu bado ni tatizo kubwa, kinga ikishuka viini vilivyolala mwilini huweza kuamka.

Ndiyo sababu madaktari hupendelea kutoa prednisoloni kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, huku dawa zinazozuia ugonjwa zikisubiriwa kufanya kazi. Aliyeitumia kwa majuma mengi naye hapaswi kuiacha ghafla. Mwili huwa umesahau kujitengenezea homoni ya aina hiyo, na kuikatiza kwa siku moja kwaweza kumwangusha mgonjwa au hata kumuua. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Hatari hiyo huweza kujificha hata ndani ya bidhaa zinazouzwa kama tiba asilia. Mwaka wa 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha umma kuhusu Artri King, bidhaa iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kugundua kwamba ilikuwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Unga au kidonge kisicho na maelezo kinachoondoa maumivu ya miaka kwa usiku mmoja chapaswa kutiliwa shaka, kiwe kimenunuliwa Chicago au katika soko la Chwele.

Dawa ambayo madaktari wengi duniani huanza nayo ili kuuzuia ugonjwa wenyewe ni methotreksati. Ilianza kama dawa ya saratani, na Marekani iliiidhinisha kwa baridi yabisi mwaka wa 1988. Wagonjwa wengi hushtuka wanaposoma kwamba wamepewa dawa ya saratani, na wengine huitupa. Ukweli ni kwamba kipimo kinachotolewa kwa viungo ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha saratani.

Tahadhari ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kwamba methotreksati hunywewa mara moja tu kwa juma. Kosa la kuinywa kila siku limewaua wagonjwa katika nchi mbalimbali, kiasi kwamba mwaka wa 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maagizo mapya ya kulizuia, yakiwemo kutaja siku ya kumeza dawa kwenye maandishi ya daktari. Maneno "kama ulivyoelekezwa" hayatoshi. Karatasi iandikwe "kila Jumatatu" au siku nyingine itakayochaguliwa, na mtu mwingine nyumbani aijue siku hiyo.

Pamoja nayo hutolewa asidi ya foliki, ambayo hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni na kulilinda ini. Madaktari wengi huelekeza imezwe siku tofauti na ile ya methotreksati. Mgonjwa pia aelezwe mapema kwamba nafuu huchukua kati ya majuma sita na kumi na mawili. Asiyeelezwa hudhani dawa imeshindwa, akarudi kwenye prednisoloni.

Tahadhari ya pili inahusu dawa inayopatikana karibu kila kituo cha afya, yaani Septrin. Ikichanganywa na methotreksati, zote mbili huzuia mwili kutumia foliki, uboho ukashindwa kutengeneza chembe za damu. Dawa ya malaria ya Fansidar nayo hufanya kazi kwa njia ya namna hiyo. Mgonjwa anayeingia zahanati yoyote ya Kiminini au Kimilili akiwa na kikohozi au homa sharti aseme kwanza kwamba anatumia methotreksati.

Tatu ni pombe. Iwe busaa, chang'aa au bia ya chupa, pombe hulitwika ini mzigo juu ya ule wa dawa. Katika jamii ambazo busaa ina nafasi yake kwenye sherehe, mazungumzo haya yanahitaji ukweli kuliko kukemea, kwani anayekemewa huficha, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Nne ni uzazi. Methotreksati huharibu mimba na kulemaza mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeitumia anahitaji mpango wa uzazi wa uhakika. Anayetaka mtoto azungumze na daktari mapema, kabla ya kushika mimba. Dawa mbadala zipo: sulfasalazini na haidroksiklorokwini huweza kutumiwa wakati wa ujauzito. Hiyo ya pili nayo hutaka macho yachunguzwe, kwa kuwa ikitumiwa miaka mingi huweza kudhuru retina.

Dalili zinazomtaka mgonjwa asimeze kipimo kinachofuata bali akimbilie hospitali ni homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, kikohozi kikavu chenye kuhema, na macho kugeuka manjano.

Swali gumu zaidi, hata hivyo, si la mgonjwa peke yake. Anayetumia methotreksati hupimwa hesabu ya chembe za damu, ini na figo kila baada ya majuma machache katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Vipimo hivyo si vya ajabu, ila hurudiwa, na hapo ndipo pesa na umbali vinapomshinda mtu.

Madaktari bingwa wa maradhi ya viungo nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Hospitali ya rufaa ya kitaifa iliyo karibu na Kitale ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, umbali wa takriban kilomita 70 kupitia Moi's Bridge. Kwa mkulima, safari ya aina hiyo ni nauli na siku nzima ya palizi.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka wa 2013, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini cha mchango ni Sh300 kwa mwezi. Mgonjwa wa baridi yabisi anayelipa mchango huo ana haki ya kuuliza iwapo vipimo vyake vya kila mara vitalipiwa, au ni mpaka ini liharibike alazwe.

Eneo hili halikosi mfano wa kuigwa. Tangu mwaka wa 2001, mpango wa AMPATH ulioanzia Eldoret umewafikishia watu wanaoishi na virusi vya ukimwi dawa na vipimo karibu na makwao, zikiwemo kliniki za Kitale na Webuye. Dawa hizo nazo ni za maisha na zina madhara yanayohitaji kufuatiliwa. Kilichofaa kilikuwa kadi ya mgonjwa, tarehe ya kurudi, maabara ya karibu na mhudumu anayeuliza aliyekosa kufika yuko wapi.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zaweza kuanza na hayo: siku moja ya kliniki ya viungo kwa mwezi, kadi inayotaja siku ya methotreksati na kuonya dhidi ya Septrin, na damu kupimwa papo hapo huku bingwa wa Eldoret akishauriwa kwa simu. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walinena, na hatari hii inajulikana mapema kuliko nyingi.