UCHAMBUZI: Mfano wa mji wa Gede utafaa wanafunzi wakiujenga wenyewe

TANGU mtaala wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, wazazi wengi wamelalamikia kazi za mikono ambazo watoto huagizwa wakafanyie nyumbani. Usiku wa manane, mama hukata maboksi na baba akasaka gundi, ilhali mwenye kazi amelala fofofo. Kesho yake mwalimu hutuza alama jasho la wazazi.

Malalamishi hayo yana mashiko. Hata hivyo, ipo kazi ya aina hiyo ambayo haifai kufutwa: wanafunzi kubuni na kujenga mfano mdogo wa mji wa kale. Kwa hili, Kenya haina haja ya kuazima Roma wala Athens. Tuna Gede.

Mahame haya yaliyo karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa kwa mpango na mwanaakiolojia James Kirkman mnamo 1948. Yana msikiti mkuu, jumba la kifalme, makaburi ya nguzo na visima vingi. Humo vilipatikana vyombo vya kauri kutoka China, ushahidi kwamba wenyeji walifanya biashara na nchi za mbali. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mnamo Julai 2024, UNESCO iliuorodhesha kuwa Turathi ya Dunia.

Faida ya kwanza ya kuujenga ni hesabu. Ukuta wa nje ulizunguka takriban ekari 45. Kwa kipimo cha 1:200, eneo hilo, lau lingekuwa mraba, lingetoshea kwenye meza ya zaidi kidogo ya mita mbili kila upande. Ukuta wa mita 2.7 nao utakuwa na kimo cha sentimita 1.35. Mwanafunzi aliyekokotoa hayo mwenyewe hatasahau maana ya uwiano.

Faida ya pili ni maswali. Asomaye kitabuni hutosheka kuambiwa kwamba Gede ulikuwa na visima. Ajengaye hana budi kuamua kisima kikae wapi, nani alikitumia na kwa nini kimekaribiana na msikiti. Hapo ndipo atakapojua kwamba mojawapo ya sababu zinazotolewa kuhusu kuhamwa kwa mji huo ni kupungua kwa maji, mbali na mashambulizi ya Wazimba na Waoromo.

Lakini swali zito zaidi limo katika sehemu isiyo na magofu. Majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa yalikuwa ya wenye uwezo, na mengi yamo ndani ya ukuta wa pili. Raia wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo, fito na makuti, ambazo hazikudumu. Mwanafunzi akijenga yale tu yanayoonekana leo, atakuwa amejenga mji wa matajiri na kuwafuta waliokuwa wengi.

Kosa hilo si dogo. Kwa miaka mingi, wataalamu wa kigeni waliitazama miji ya pwani kama makoloni ya Waarabu na Waajemi yaliyopandikizwa barani Afrika. Utafiti wa baadaye, ukiwemo wa Mkenya Chapurukha Kusimba, umeonyesha kwamba mizizi ya miji hiyo ni ya wenyeji wenyewe. Tabaka la nyumba za udongo ni sehemu kubwa ya ushahidi huo. Mtoto asiyeliona mezani atarithi dhana ile ile ya zamani.

Basi kazi hii ifanyiwe darasani, kwa vikundi, kwa udongo, mchanga na maboksi makuukuu, si kwa vifaa vya kununuliwa. Alama zitolewe kwa maelezo ya wanafunzi kuhusu kila walichokiweka: kipi kimethibitishwa na wachimbaji, na kipi wamekikisia. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) na Makavazi ya Kitaifa zishirikiane kuandaa ramani nyepesi ya Gede, ili hata shule ya Lodwar isiyoweza kumudu nauli ya kwenda pwani iweze kushiriki.

La sivyo, tutaendelea kupata mifano maridadi iliyojengwa na wazazi, na watoto wasioujua mji walioubeba mikononi.