Saratani na Hoja ya Wauza Mitishamba

Husikika mara kwa mara, masokoni na hata redioni, hoja ya wauza mitishamba kwamba, maadamu baadhi ya dawa mashuhuri za saratani zitolewazo hospitalini asili yake ni miti na majani, basi serikali haina sababu ya kumzuia mtu kuuza chupa ya mizizi iliyochemshwa na kuiita tiba ya maradhi hayo. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu, na tabibu aikanaye hana insafu. Ya pili ndiyo yenye hatari, nayo yafaa ipimwe bila pupa, kwa kuwa waiaminio aghalabu ni wagonjwa ambao muhula wao ni mfupi.

Tuutazame ule mmea wa asili ya Madagaska, wenye maua madogo ya waridi au meupe, upandwao kwa pambo nyuani mwetu. Kwa kuwa watu wa nchi nyingi waliutumia kutibu kisukari, Robert Noble na Charles Beer, wa Chuo Kikuu cha Western Ontario huko Kanada, waliudurusu katika miaka ya 1950; sukari haikushuka kama walivyotaraji, bali chembe nyeupe za damu za wanyama waliowajaribia zilipungua mno, wakatambua kwamba wameshika jambo jingine kabisa. Katika mmea huo zikapatikana vinblastini na vinkristini, na hii ya pili, ikichanganywa na dawa nyingine, imewaponya watoto wengi wenye saratani ya damu, na wengine wenye ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutoka Uganda. Lakini kiasi chake ni cha kushangaza: hutakiwa mamia ya kilo ya majani makavu ili ipatikane gramu moja, na mgonjwa kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwa njia ya mshipa, kwa maana ikizidi huharibu neva, na ikiingizwa kwa taksiri katika uti wa mgongo huua. Ayachemshaye majani hayo sufuriani hajui ni kiasi gani kimetoka, wala ni kipi kati ya makumi ya kemikali zilizomo.

Kisa cha Milima ya Shimba, huko Kwale katika pwani ya Kenya, chanigusa zaidi. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake, huko Marekani, walitangaza kemikali waliyoiita maytansini, itokayo katika miti ya jamii ya Maytenus. Na kwa kuwa mmoja wa miti hiyo, Maytenus buchananii, huota Shimba, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya huko, katika miaka hiyo ya 1970, takriban tani 27. Wadigo wa huko, ambao imeandikwa kwamba waliutumia mti huo kwa maradhi ya namna hii tangu zamani, hawakuwa na sheria ya kimataifa ya kuwapatia fungu lao, kwani Mkataba wa Bioanuwai haukutiwa saini hadi mwaka 1992. Na tani zote hizo zikaishia wapi? Wagonjwa walipojaribiwa, sumu ya dawa ilishinda manufaa yake, ikawekwa kando miaka mingi, hadi wataalamu walipoibadili kidogo na kuifunga kwenye kingamwili iitafutayo aina moja ya saratani ya matiti, ikapata idhini Marekani mwaka 2013. Siku hizi kiini chake hutengenezwa kwa bakteria, wala haukatwi mti hata mmoja.

Kwa hiyo kilichoifanya sumu kuwa dawa ni ujuzi wa miaka 40 wa kuipima na kuielekeza, na ujuzi huo ndio usiokuwamo katika chupa ya sokoni. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaombeza mganga, kwani bila watu waliozijua fadhila za miti, maabara nyingi zingepapasa gizani. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, na Muhimbili ina taasisi ya kuidurusu. Taasisi hiyo ipewe fedha za kutosha, na mganga aletaye mti wake aandikiwe mkataba kabla ya jani moja kuvuka bandari. Lakini atangazaye kwamba ameponya saratani, hali hana dalili thabiti iliyochunguzwa, azuiwe na sheria bila ya kuonewa haya, kwa kuwa uvimbe wa titi unaotibika leo huenda usitibike baada ya miezi sita ya kunywa mizizi.

Nawe msomaji, ukihisi uvimbe, tangulia hospitali. Na ikiwa umekwisha kunywa mitishamba, mwambie daktari uliyokunywa yote, pasi na kuficha, kwa sababu iko inayozidisha ukali wa dawa zake na iko inayozibatilisha.