Hadeki, Anaumia

Jamani, hili neno "anadeka" limenichosha.

Kijana kapeleka kazi, bosi kamwambia rudia hapa na hapa. Wenzake wangenung'unika kidogo, wakarudia, yakaisha. Yeye halali, chakula hakipiti, asubuhi anataka kuandika barua ya kuacha kazi. Au katuma ujumbe kwa rafiki, haujajibiwa; kufika jioni keshaamini urafiki umekufa. Sisi tunacheka. Hasira za mkizi hizo! Jikaze!

Sasa sikilizeni. Watu wengi wenye ADHD hawapati shida kwenye umakini tu. Breki zinazogoma kwenye umakini na kwenye mwili, kwenye hisia nazo zinagoma. Maumivu yanafika yote kwa mkupuo, kabla mtu hajapata nafasi ya kujiuliza: hivi kweli nimekataliwa? Ongeza na utoto wa kuitwa mzembe, mtukutu, msahaulifu kila siku ya Mungu. Kidonda kinachotoneshwa hivyo, ukikigusa mwenyewe ataruka. Ajabu iko wapi?

Najua wapo watakaosema ugonjwa huo haumo vitabuni. Ni kweli. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013, una dalili 18 za ADHD: 9 za kukosa umakini, 9 za kutotulia na kukurupuka. Kuumizwa na kukataliwa haimo. Lakini someni ukurasa mzima! Mwongozo huo huo unasema wepesi wa kukasirika na hisia za kupanda na kushuka ni mambo yanayoweza kuambatana na ADHD. Na Paul Wender wa Chuo Kikuu cha Utah aliyaingiza mambo hayo kwenye vigezo vyake vya ADHD ya watu wazima tangu karne iliyopita.

Sisemi kila anayesusa ana ADHD. Sonona na wasiwasi navyo huleta hali kama hiyo, kwa hiyo mwenye shida amwone daktari, asijipachike jina mwenyewe. Wala sisemi maumivu ni kibali cha kutukana watu.

Nasema hivi: "jikaze" haijamponya mtu. Inamfundisha kuficha tu, na anayeficha mwisho huacha kujaribu. Haombi kazi, haleti wazo, hapendi mtu.

Hivi kumwambia mwenzako "aya ya pili irekebishe, ila kazi yako naitaka" kunagharimu shilingi ngapi?